Mgeni Asiyetazamwa

Kabla Tekla Kalinga hajaenda chuo kikuu kusomea chakula, watu wa Ipogolo walijua kwamba chakula huombewa, huliwa, kisha husahauliwa. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba kinaweza kumvalisha mtu joho.

Tekla alizaliwa hapo hapo Ipogolo, chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa, kando ya barabara kuu ambako malori husimama kupumua. Mama yake, Yusta, alikuwa mama lishe, na ugali wake ulikuwa mgumu wa heshima. Siku moja lori la mbao kutoka Mafinga lilikatika breki likaanza kurudi nyuma lenyewe. Utingo akatafuta jiwe, hakuliona, akanyakua bonge la ugali wa Yusta kwenye sinia na kulisukumia nyuma ya tairi. Lori likasimama. Fundi alipokuwa anahangaika chini ya lori, dereva alilila lile bonge upande mmoja kwa maharage, na lori halikusogea hata kidogo. Mama lishe wengine walisema habari hiyo ni ya uongo, lakini hao ugali wao ulikuwa laini.

Katika kupakua kwa mama yake ndipo Tekla alipoanza kuuliza. Mbona dereva akila sana anasinzia kabla hajafika mteremko wa Kitonga? Mbona yule utingo wa soda na maandazi anakojoa kila baada ya kilima?

"Wewe mtoto, pakua," Yusta alimwambia. "Hao wamekuja kula, hawajaja kuulizwa."

Tekla akapakua huku akiuliza. Ndiyo maana alipofaulu mitihani yake, wenzake wakachagua ualimu na uhasibu, yeye akachagua lishe, tiba ya wagonjwa kwa chakula, na usimamizi wa hoteli, vitu vitatu kwa shahada moja, kwenye chuo kimoja huko Mbeya.

Yusta alipoambiwa, aliweka mwiko chini.

"Unakwenda kusomea ugali?"

"Na mboga, mama."

"Miaka yote hiyo?"

"Na namna ya kumkaribisha mgeni."

Yusta akakaa kwenye ndoo. "Sasa mgeni utamkaribishaje zaidi ya kumwambia karibu?"

Wakati huo Tekla alikuwa ameshaolewa. Mume wake alikuwa Lugano Mwakalobo, Mnyakyusa wa Rungwe, fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Makongolosi. Lugano aliwahi kushuka Ipogolo ale mara moja aondoke, akala, akashindwa kunyanyuka. Alipopata nguvu ya kusimama, mahari ilikuwa imeshajadiliwa.

Basi, kule kwa akina Mwakalobo, kwenye vilima vya migomba juu ya Tukuyu, kulikuwa na desturi ambayo nyumba nyingi siku hizi zimeiacha, maana wote wanakaa kwenye sofa moja kutazama tamthilia. Nyumba ya baba yake Lugano, Mzee Rabson, ilikuwa haijaiacha. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hawasemeshani uso kwa uso. Mzee akipita njiani, anakohoa mapema ili mkwe apate muda wa kuingia kwenye migomba. Wakikutana ghafla, mkwe anageukia mgomba kana kwamba anaukagua, na mzee anatazama mawingu mpaka mtu apite.

Kikohozi cha Mzee Rabson kilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza cha kuomba njia, cha pili cha kushukuru. Wakati wa kiangazi kilisikika hadi Kiwira, na wake za watu wasiohusika kabisa walijificha.

Hivyo miaka yote ya ndoa Tekla alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa mabuti ya mvua yaliyoachwa mlangoni, na kwa sauti ya nyuma ya ukuta. Na mzee alimjua Tekla kwa mapishi. Tekla akipika, mama mkwe, Mama Esnath, anaingiza chakula ndani, halafu sahani inarudi. Ilirudi safi kiasi kwamba kuku waliisogelea, wakaitazama, wakaondoka wamekata tamaa.

Hakuna aliyesema asante. Ila sahani ilikuwa inarudi hivyo.

Kuhusu masomo, mzee alikuwa na maoni yake, na aliyapitisha ukutani akijua nani yuko upande wa pili.

"Esnath! Ni kweli mke wa Lugano anasomea kula?"

"Anasomea lishe, baba Lugano."

"Na akifeli?"

"Anarudia mwaka."

"Anarudia kula? Haiwezekani. Mwambie akifeli basi, yameisha, aje huku achume chai. Kula hata sisi tunajua."

Mama Esnath hakuhitaji kumwambia Tekla. Ukuta ulikuwa wa mabanzi.

Neno la Mzee Rabson lilikuwa halibadiliki kwenye ukoo ule, na Lugano, ambaye kule Makongolosi alipasua miamba, mbele ya baba yake hakuwahi kupasua hata karanga. Kwa hiyo Tekla alisoma akijua kwamba hana mwaka wa akiba. Alisoma kalori, kitu ambacho hakionekani, hakinuki, wala hakishikiki, lakini watu wazima wanakaa darasani kukihesabu. Alisoma kukunja kitambaa cha meza kikawa bata. Alisoma kubeba sahani kwenye mkono mmoja mpaka kiwiko. Na kila likizo alirudi Rungwe, akapika, akaingia kwenye migomba kikohozi kilipopita.

Sasa, wakati yeye anasoma, mzee alikuwa anaumwa bila kusema.

Ilianza kwenye chai. Mzee Rabson alipenda chai ambayo kijiko kinasimama chenyewe katikati ya kikombe kama askari. Sukari ikaongezeka mwilini polepole, na nyuki wakajua kabla ya daktari. Mwanzoni walimfuata mmoja mmoja. Baadaye likawa kundi zima, likimsindikiza shambani na kurudi. Jumapili waliingia naye kanisani wakakaa benchi la nyuma, kimya, na hawakuondoka kabla ya baraka. Mchungaji alisema hajawahi kuona waumini watulivu namna ile.

Mzee alipofika zahanati, muuguzi alimtazama, akawatazama nyuki, akarudisha kipimo kabatini.

"Baba, hapa hakuna haja ya kutoboa kidole. Nenda Mbeya."

Mzee akaenda Mbeya, akafikia kwa dada yake aliyekaa mtaa wa Mwanjelwa, na akamwapisha Mama Esnath asimwambie mtu yeyote. Mtu aliyecheka masomo ya kula hawezi kutangaza kwamba anaumwa kwa kula. Kliniki ikampima, ikampa dawa, na ikamwambia pia kwamba kuna chuo ambako kila Alhamisi wagonjwa wa sukari na presha wanapikiwa chakula cha mchana na kufundishwa namna ya kula, bila malipo. Mzee hakuuliza chuo gani. Alisikia chakula na bila malipo, akaona maelezo yametosha.

Chuoni, mwaka wa mwisho, mwanafunzi alipewa mgeni mmoja na meza moja kwenye ukumbi wa mafunzo. Wagonjwa hawakutajwa majina, kwa siri yao. Tekla akapewa meza ya dirishani. Mwalimu wao alikuwa Madamu Vimla, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mlandege, Iringa, kwenye duka la vitambaa la baba yake, na Kihehe chake kilikuwa kizito kuliko cha Tekla. Akikutazama mara moja, unahisi ameshajua ulichokula asubuhi.

"Siku ya mtihani atakuja mtahini wa nje," aliwaambia. "Atatazama mambo mawili tu, mengine nitakuwa nimeshayatazama mimi. Kwanza, mgeni unamkaribisha kwa kumtazama usoni. Usipomtazama ni sifuri, hata kama umepika na malaika. Pili, mgeni atasema amekula nini, halafu atapimwa sukari au presha. Maneno yake na kipimo vikipishana, maana yake hakukuamini, hukumfundisha kitu, na umefeli. Mkafanye kazi."

Alhamisi ya kwanza Tekla alipika ugali wa dona kidogo, majani ya maboga kwa karanga, na samaki wa kuchoma. Akavaa aproni, akabeba sinia, akausukuma mlango wa jikoni kwa bega.

Kule ukumbini mtu akakohoa.

Kipande cha kwanza, kuomba njia. Kipande cha pili, kushukuru.

Tekla hakufikiri. Miguu yake ilikuwa imeshafundishwa na migomba ya Rungwe, ikampeleka yenyewe nyuma ya ua kubwa la plastiki lililokuwa kwenye kona. Akabaki huko na sinia lake, na majani ya plastiki yamemwingia puani. Mwenzake Sosthenes alipita na supu.

"Dada Tekla, unafanya nini huko?"

"Nakagua ua."

"Ni la plastiki."

"Ndiyo, limekomaa."

Sosthenes akalichukua lile sinia, akalipeleka yeye meza ya dirishani. Mzee Rabson akamega ugali, akachota majani ya maboga, akatia mdomoni. Akatafuna mara moja, akaacha. Mkono huo aliujua. Alikuwa ameusafishia sahani miaka yote. Akatazama huku na huku, akaona ua la plastiki linapumua, akachukua kitambaa cha meza akajifunika kichwa chote.

Madamu Vimla alikuta hali hiyo: mgeni chini ya kitambaa, mwanafunzi nyuma ya ua, na nyuki wamekaa kwenye pazia wakisubiri kuambiwa la kufanya.

Akamwita Tekla jikoni. "Eleza."

"Madamu, yule ni baba mkwe wangu."

"Vizuri. Unajua anachopenda."

"Hatuonani, Madamu. Ni mwiko kwao. Naomba nibadilishane na Sosthenes, yeye ana mama mmoja wa presha."

"Hotelini unabadilisha shuka, hubadilishi mgeni." Madamu Vimla akachungulia ukumbini. "Bibi yangu pale Mlandege alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake mpaka mzee akafa. Naijua hiyo heshima. Ila bibi yangu hakuwa na mtihani. Mgeni akiondoka hajamaliza, hapo pia umefeli."

Tekla akasimama katikati ya jiko. Akimtazama mzee, ameivua nyumba ya Mwakalobo nguo mbele za watu, na jina lake Rungwe litakuwa yule-aliyemtazama-mkwe hadi kaburini. Asipomtazama, anachuma chai.

Akageuka, akatoka kinyumenyume. Alirudi nyuma hatua kwa hatua kati ya meza, chupa ya chai begani, mgongo mbele, kama mtu anayeegesha lori. Wageni wa meza nyingine walidhani ndiyo mtindo mpya wa Ulaya. Inasemekana kuna hoteli moja kubwa mjini mpaka leo wahudumu wanaingia hivyo, na chai imepanda bei.

Mzee, aliposikia nyayo, naye akageuza kiti akatazama ukuta. Hakuondoka. Kwanza alikuwa amemsikia Madamu kule jikoni, akajua akiondoka mkwe atafeli, na pili samaki alikuwa bado wa moto.

Tekla akaiweka chupa ya chai mezani katikati yao, migongo yao ikielekeana, akaisemesha chupa.

"Chupa, mwambie mgeni karibu sana. Mwambie chai hii haina sukari."

Ikajibu sauti ya nyuma ya ukuta, safari hii bila ukuta:

"Chupa, mwulize aliyekuleta, chai bila sukari ni dawa ya minyoo?"

"Chupa, mwambie ni chai. Sukari ndiyo iliyomletea wale nyuki."

"Chupa, nyuki ni marafiki zangu, awaache."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Kila Alhamisi Tekla alitoka kinyumenyume, mzee akageukia ukuta, na chupa ikapokea habari kutoka pande zote mbili. Chupa ilikuwa ya kawaida tu, nyekundu, yenye maua na kovu la kuanguka, lakini ilisemeshwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Na hapo Madamu Vimla, aliyekuwa akipita na kalamu yake, akaanza kupunguza mwendo kila afikapo meza ya dirishani. Kwenye meza nyingine wanafunzi waliwatazama wagonjwa usoni vizuri kabisa, wakauliza jana umekula nini, na wagonjwa wakawatazama usoni vizuri kabisa wakasema mchicha. Yule mama wa presha alikula mchicha tangu Jumatatu mpaka Jumapili, na shinikizo lake la damu lilitaka kupasua mashine. Lakini pale dirishani:

"Chupa, mwambie jana nilikula mbalaga bakuli mbili, zile ndizi za nyama."

"Chupa, mwulize bakuli ya ukubwa gani."

"Ile ya kunawia wageni."

"Chupa, mwulize na usiku?"

"Usiku niliamka kunywa maji. Nikapita kwenye kabati. Chupa, mengine nisiyaseme, hayo yanatosha."

"Chupa, mwambie ayaseme tu."

"Basi nililamba sukari. Kwa kidole. Kidole hiki cha kati. Mke wangu mwenyewe hajui."

Mtu akitazamwa anajitengeneza. Mzee Rabson alikuwa anatazama ukuta uliopakwa rangi ya krimu, na ukuta hauna mshangao. Akasema yote. Tekla naye hakugomba. Aliyachukua yale yote, akayapangia: ndizi zibaki lakini bakuli ya kunawia wageni irudi kwenye kazi yake, majani ya maboga yajae nusu ya sahani, chai ipunguziwe kijiko polepole, ili ulimi usishtuke. Chai ilipoanza kupungua utamu, kile kijiko kikaacha kusimama, kikaegemea, mwishowe kikalala kama vijiko vingine. Nyuki wakaanza kumwacha, kila kundi kwa wakati wake, wengine wakahamia kwa muuza maandazi wa Mwanjelwa. Akabaki mmoja tu, mzee mwenzake, ambaye pengine alifuata mazoea.

Mtihani ukakaribia, na Tekla akajua jambo la pili, la maneno na kipimo, litapita. La kwanza ndilo lililomnyima usingizi.

"Chupa," alisema Alhamisi ya mwisho, "mwambie mgeni kwamba siku ya mtihani nisipomtazama usoni, nimefeli."

Mzee akaacha kutafuna.

"Chupa, na akifeli?"

"Anarudia mwaka. Ila kuna mzee mmoja Rungwe alishasema hakuna kurudia."

"Huyo mzee namfahamu," sauti ikasema. "Ana mdomo."

Akamaliza kula, akakohoa vipande vyake viwili, akaondoka.

Ilikuwepo njia moja, na wote wawili waliijua, kwa hiyo hakuna aliyeitaja. Katika ukoo wa Mwakalobo, baba anayetaka mkwe amtazame humpelekea ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo macho yanafunguliwa. Lakini Mzee Rabson na ng'ombe wake! Mtu huyu aliwahi kuuza dume mnadani, akalisindikiza na mnunuzi mpaka Uyole akililia, akarudi kwa miguu akiwa amebeba kamba tu, na kamba hiyo aliitundika ukutani pembeni ya picha ya harusi. Ng'ombe alipougua kikohozi, mzee alilala zizini. Mama Esnath alipougua kikohozi, alimpelekea salamu. Kutegemea ng'ombe wa Mzee Rabson ilikuwa ni kutegemea theluji kwenye joto la Kyela.

Siku ya mtihani mtahini wa nje alikaa mbele, mwanamume mwembamba wa suti, na kalamu iliyofunguliwa tayari. Meza zote zikajaa. Meza ya dirishani ikabaki tupu. Tekla akasimama jikoni na sinia lake mpaka mvuke ukaisha.

"Mwenye meza ile," mtahini akasema, "mgeni wake yuko wapi?"

Kwenye korido kitu kikalia. Hakikuwa kikohozi.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, akaingia mtamba mweusi mwenye paji jeupe, kwato zake zikiteleza kwenye marumaru, na nyuma yake Mzee Rabson wa suti ya harusi na mabuti ya mvua, ameshika kamba. Ilikuwa ile ile ya kando ya picha. Walikuwa wametoka Tukuyu na lori la ndizi, na yule mtamba alikuwa amekula nauli yake njiani. Juu ya kofia ya mzee alikuwa amekaa yule nyuki mmoja.

"Huyu ni mgeni wa nani?" mtahini akauliza.

Sosthenes, aliyefundishwa kwamba kila anayevuka mlango wa ukumbi anakaribishwa, akainama kidogo mbele ya ng'ombe akampa orodha ya vyakula. Ng'ombe akaila. Kisha akala vitambaa vya meza ya tatu, vyote vimekunjwa bata.

Mzee akafika kwenye mlango wa jikoni, akanyoosha kamba mbele bila kutazama.

"Shika," alisema.

Tekla akaweka sinia chini, akashika kamba. Akainua macho. Mzee akainua yake.

Uso wa mzee ulikuwa mdogo kuliko kikohozi chake. Tekla alitegemea mtu wa kujaza mlango. Akakuta kizee chembamba chenye masikio ya Lugano na jicho moja linalocheka kabla ya jingine. Wakatazamana mpaka mtahini akaweka alama, akasubiri, akaikolezea.

"Karibu sana, baba," Tekla alisema.

"Kumbe una miwani," mzee akasema.

"Ninayo, baba."

"Esnath hakuniambia."

Akakaa kwenye kiti chake, safari hii mgongo ukiwa ukutani, akahudumiwa kama bwana harusi. Mtamba naye alikuwa amefikia maua. Yalikuwa ya plastiki, lakini hakuwa mchaguzi. Ndipo mtahini akasogea na kipimo cha sukari.

"Mwulize mgeni wako."

"Baba," Tekla akasema, akimtazama usoni, "jana umekula nini?"

Mzee Rabson akamtazama mkwe wake machoni kwa upendo wote wa mtu aliyetoa mtamba.

"Mchicha," alisema.

"Na asubuhi?"

"Maji ya moto, mwanangu."

Yule nyuki akateremka kutoka kwenye kofia, akatua kwenye ukosi wa shati, akajiweka sawa. Mtahini akatoboa kidole, akasubiri, akasoma kipimo, akainua nyusi. Namba ile haikuwa ya mchicha. Akaishusha kalamu taratibu kuelekea karatasi ya Tekla, na Madamu Vimla kule nyuma akafumba macho.

Tekla akaifikiria chai. Si ya kunywa, ya kuchuma. Akaona majani yake yote, kilima kwa kilima.

Akamfunga mtamba kwenye mguu wa meza. Akaenda jikoni, akarudi na chupa nyekundu, akaiweka mezani. Kisha akamgeuzia baba mkwe wake mgongo.

"Chupa," alisema, "mwulize baba, jana alipita wapi kabla ya kurudi Tukuyu kuchukua ng'ombe."

Kiti kikasikika kikigeuka kuelekea ukutani.

"Chupa," ikasema sauti, "mwambie kwa dada yangu kulikuwa na kipaimara cha mjukuu. Nilikula wali. Nikala tena wali. Soda nyekundu nilikunywa, na ile ya machungwa nikaionja mpaka mwisho. Keki nilikataa. Mwambie nilikataa kabisa. Halafu walipotoka nje kupiga picha, nikabaki na keki."

"Chupa, mwulize kipande cha ukubwa gani."

"Chupa, mwambie kulikuwa na jina la mtoto juu yake. Mimi nilimaliza jina."

Mtahini akatazama kipimo, akatazama ule mgongo wa mzee. Vilikuwa vinaelewana kabisa.

"Lakini sasa hamtazami," alisema.

"Alishamtazama," Madamu Vimla akajibu. "Hakuna panaposema aendelee kutazama."

Mtahini akatafuta panaposema hivyo, hakupaona, akaweka alama.

Tekla alivaa joho msimu huo. Yusta alikuja Mbeya kwenye mahafali na bonge la ugali kwenye kapu, na gari la mgeni rasmi lilipokosa pa kuegeshwa kwenye mteremko, bonge lilisaidia.

Siku hizi Tekla ni mtaalamu wa lishe kwenye hospitali moja Iringa. Chumba chake kina viti viwili vilivyopeana mgongo, na katikati stuli yenye chupa nyekundu ya maua. Madereva wa malori, wenye maduka wa Mlandege, watawa, wote wanakaa kutazama ukuta na kuiambia chupa mambo ambayo padri hajawahi kuyapata. Wenye vyeo ndio wanaozungumza nayo muda mrefu zaidi.

Kesi iliyobaki ni ya mtamba, ambaye siku hizi ni ng'ombe wa maziwa pale Ipogolo kwa Yusta. Mzee Rabson hutumia chai isiyo na sukari, nyuki wake alikufa kwa uzee, na hoja yake ni hii: ng'ombe alitolewa ili waonane, sasa kwa kuwa kwa afya yake wamekubaliana wasionane, ng'ombe arudi. Hupiga simu kila mwezi kuikumbusha. Tekla huweka sauti kubwa, anaiegemeza simu kwenye chupa, anaigeuzia mgongo.

"Chupa," alisema mara ya mwisho, "mwambie baba ng'ombe atamrudia siku nitakayousahau uso wake."

Upande wa pili mzee akakohoa, kipande cha kuomba njia, na baada yake, taratibu, kile cha kushukuru.

Nje ya dirisha, wanawake wawili wa Kinyakyusa waliokuwa wakipita zao wakageukia ukuta.